Ukienda Wasini Aprili hii, pitia kwanza kwa askari wa shaba

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Aprili, mazungumzo ya barazani huku Likoni, Kisauni na Changamwe huwa ni yale yale: watoto tuwapeleke wapi mara hii? Mwenye nacho hutaja Dubai. Wengi wetu jibu letu ni Wasini. Ni kisiwa cha jirani, nauli yake yahimilika, na ukifika hakuna gari hata moja la kukupigia honi.

Wazungu nao Aprili kwao ndio baridi imeondoka na watu hutoka kutembea. Wana desturi moja ambayo mimi naiona nzuri. Familia ya Kiingereza ikienda kupumzika Ufaransa au Ubelgiji, aghalabu hutenga siku moja ya kuzuru makaburi ya vita vya 1914, wakalitafuta jina la babu yao kwenye jiwe, kisha ndio waende zao pwani. Hata Unguja yafanyika. Kuna kisiwa kidogo cha Chapwani mbele ya Mji Mkongwe, wengine hukiita kisiwa cha makaburi, ambako wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914. Watalii huenda kuogelea na kuzuru makaburi kwa boti moja.

Sasa sisi, njia yetu ya kwenda Wasini inapita katikati ya uwanja wa vita hivyo hivyo, tangu mjini Mombasa mpaka mpaka wa Lunga Lunga, na hatusimami popote ila kununua madafu. Leo nataka kueleza nini kiko njiani, na kwa nini wale waliokufa upande wetu hatuna jiwe la kulitafutia jina.

Safari yaanzia mjini, hata kwa mtu wa Likoni ambaye itambidi avuke feri mara mbili. Pale Jomo Kenyatta Avenue, pande za Mwembe Tayari, pana sanamu za askari zilizosimamishwa miaka ya 1920. Mtu wa Changamwe anayeingia mjini kwa Makupa amezipita mara elfu. Kwake zile ni alama ya kumwambia konda amshushe. Kuna nyingine za aina hiyo Nairobi na Dar es Salaam, na zote tatu ziliwekwa kwa kusudi moja: kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya kwanza vya dunia. Maandishi yake yawataja askari, kisha wapagazi, ambao waliitwa miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika wakafa.

Najua wako watakaosema sanamu ni sanamu, Muislamu hana kazi nayo. Mimi siendi kuiamkia shaba. Naenda kusoma. Na ukisoma mpaka mwisho utaona jambo moja: jina la mtu halimo. Katika vita vile mzungu aliyekufa alipata kaburi na jina lake juu, au jina lake likaandikwa ukutani. Hawa wakapewa sanamu moja kwa wote.

Hao wapagazi ni kina nani? Vita vya huku kwetu havikuwa vya mahandaki kama vya Ufaransa. Jeshi la Mwingereza lilikuwa likimfukuza Mjerumani porini, mahali pasipo reli wala barabara, na mbung'o wakiua farasi na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Mzigo wa risasi, wa unga, wa dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilipanda kichwani kwa mtu. Na mtu huyo naye hula njiani, kwa hivyo yataka mtu mwingine ambebee chakula, na huyo wa pili naye ale. Ndivyo hesabu ilivyopanda mpaka Waingereza wakawa wamechukua kiasi cha watu milioni moja, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na kwingineko. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wazee wetu wakakitamka kariakoo, na jina likabaki kwenye soko la Dar es Salaam, na kule Nairobi likabaki Kariokor.

Vifo vilivyoandikwa kwa upande wa Mwingereza ni zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi waona hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi walimalizwa na tumbo la kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu wa pwani aliyezoea wali na samaki alipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, akalala kwenye baridi ya milima bila blanketi la maana. Mshahara wao ulikuwa wa rupia chache kwa mwezi, na waliokufa wengi mshahara wao haukuchukuliwa na mtu, kwa sababu jamaa zao hawakupatikana au hawakutafutwa.

Na wala wengi hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1917 serikali ya Kenya ilitoa amri ya kukusanya watu kwa nguvu nchi nzima, na machifu wakapewa hesabu ya vichwa vya kutimiza. Huku pwani hasira ilianza mapema. Jirani zetu Wagiriama walikuwa tayari wamekataa kodi na kazi ya kulazimishwa, Mekatilili wa Menza akiwaapisha, na Agosti 1914, mwezi ule ule vita vilipoanza Ulaya, Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtu wa Kisauni akipanda matatu ya Mtwapa kwenda kaskazini anaelekea nchi hiyo.

Kwa nini basi hawana majina? Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza iliundwa mwaka 1917, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, mkubwa kwa mdogo sawasawa. Kanuni hiyo ilipofika Afrika Mashariki ikapindwa. Wakubwa wa serikali wakasema hawa watu hawazoei makaburi yenye majina, na kwamba kuyatunza ni kupoteza pesa. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitoa rai kuwa makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa msitu upesi iwezekanavyo. Yakaachwa. Na sisi tunaoambiwa hatukuzoea makaburi, dini yetu imetuhimiza ziara ya makaburi kwa kuwa inamkumbusha mtu akhera, na hapa pwani kuna makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kutia nanga. Rai ya Byatt naisoma na kuirudia, na kila mara nashindwa kuelewa walikuwa wakimwangalia nani waliposema hivyo.

Karne ilipita. Aprili 2021 tume hiyo, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri kuwa waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Tangu hapo maelfu ya majina ya Wakenya yametolewa kwenye kumbukumbu za kijeshi nchini. Ni kazi njema. Lakini wapagazi ndio wagumu kupatikana, kwani karatasi zao nyingi hazikuhifadhiwa, na jina lenyewe liliandikwa na karani asiyejua lugha ya mwenye jina.

Hapa Mtongwe kuna mzee mmoja jirani yangu ambaye babu ya baba yake alichukuliwa kariakoo akiwa ameoa mwaka mmoja tu. Hakurudi. Mkewe alikaa akimngoja, watu wakimwambia akae eda, naye anasema mume wangu hajafa, nani amemuona amekufa? Kadhi akaja kuamua miaka baadaye. Kila mwaka ukoo ule husoma khitma ya marehemu wao, na kila marehemu hutajwa na siku aliyofariki, isipokuwa huyo. Mzee huniambia jambo hilo bila kulia wala kulaumu, kama mtu anayetaja jino lililong'oka. Na nina hakika msomaji, ukiuliza kwenu utapata kisa kama hicho, maana hakuna mtaa wa bara hii ambao haukutoa watu.

Tuliona tofauti kwenye vita vya pili. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, hapa mbele ya macho ya Likoni, ikielekea Colombo na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na manesi. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu karibu 1,300. Wale wapiga mizinga wetu majina yao yameandikwa kwenye ukumbusho ulioko katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kwa hivyo iliwezekana. Ilitaka tu mtu aamue.

Kutoka kwenye sanamu shuka mpaka Fort Jesus. Ngome yenyewe waijua. Hapo karibu pana ukumbusho wa Meja Arthur Wavell, na huyu ana kisa kinachotuhusu sisi wa bara. Alikuwa na shamba la mkonge Nyali, kabla Nyali haijawa ya majumba. Mwaka 1908 alikwenda Makka kujifanya Mzanzibari, akiwa na Mswahili wa Mombasa kama mwenziwe, akaingia Haram hali si Muislamu, akarudi akaandika kitabu. Dhambi hiyo tumwachie mwenye nyumba. Vita vilipoanza akakusanya Waarabu wa hapa Mombasa, wengi wao Washihiri waliokuwa hamali na wachukuzi wa maji, akawafanya kikosi kilichoitwa Arab Rifles. Watu wa Mji wa Kale ambao babu zao walitoka Hadhramaut, hapa ndipo pa kuwauliza wazee wenu. Wavell aliviziwa na Wajerumani akauawa huko Mwele Mdogo, ndani ya Kwale, tarehe 9 Januari 1916. Yeye kumbukumbu yake iko hapo, mbele ya ngome.

Haya, sasa tuvuke. Ukitoka Changamwe siku hizi huna lazima ya feri, barabara ya Dongo Kundu inakutoa moja kwa moja upande wa Kwale. Wengine tuteremke Likoni, tupande matatu za kusini. Mpaka Shimoni ni kilomita 75 hivi.

Gazi ndio kituo cha kwanza, na usikipite. Watu wengi wanaijua kwa mikoko na kwa ile njia ya mbao ya akina mama inayokatiza msituni, na samaki wanaokupikia ukiagiza mapema. Lakini hapo ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewapiga Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka kwa Wajerumani na kumalizia umri wake Dar es Salaam. Ngome yake ya bara ilikuwa Mwele, pande zile zile alikouawa Wavell miaka ishirini baadaye. Oktoba 1914 Wajerumani waliivamia Gazi, nia yao ikiwa Mombasa. Wakazuiwa na askari wa King's African Rifles pamoja na hao Waarabu wa Mombasa. Ukisimama Gazi na watoto waambie hilo tu: wangelipita hapa, kituo kilichofuata kilikuwa Likoni.

Ukiendelea hadi Kanana unapinda kushoto kuelekea Shimoni. Kutoka barabarani bodaboda haziishi. Shimoni kuna pango ambalo watu wa hapo wanalisimamia wenyewe na kueleza habari za watumwa waliofungwa ndani yake. Ni kituo kizito, watoto wadogo huogopa giza na popo. Mimi ningeliacha kwa siku ya kurudi.

Kabla hujapanda boti, tazama kusini kuelekea Vanga. Mbele ya Vanga kidogo, ng'ambo ya mpaka, kuna kijiji cha Jasin, na hapo ndipo penye ufunguo wa habari hii yote. Novemba 1914 Mwingereza alileta jeshi la Kihindi la watu kama 8,000 kuiteka Tanga, akashindwa na Mjerumani mwenye watu wapatao 1,000, na mabaki ya jeshi lile yakaletwa Mombasa. Januari 1915 Wajerumani wakaishambulia Jasin, iliyokuwa ikilindwa na Wahindi wa Kashmir na Jind pamoja na Waafrika. Kanali Raghbir Singh wa Kashmir akauawa, na waliobaki wakasalimu amri risasi zilipowaishia. Mjerumani alishinda, lakini alipoteza maofisa na risasi nyingi ambazo hakuwa na njia ya kuzirudisha, bahari imefungwa. Mkubwa wao, von Lettow-Vorbeck, akaona vita vya namna hiyo hawezi kupigana tena zaidi ya mara chache. Akachagua kupiga na kukimbia, kumchosha Mwingereza porini. Na ndivyo alivyofanya, akizunguka Tanganyika, Msumbiji mpaka Rhodesia ya Kaskazini, hadi aliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Miaka yote hiyo ya kumfukuza ndiyo iliyowala wapagazi. Babu yake yule mzee wa Mtongwe hakufa Jasin, lakini uamuzi uliomuua ulitokana na Jasin, mwendo wa mashua tu kutoka hapa unapongojea boti na begi lako la nguo za kuogelea.

Sasa Wasini, na hapa nitasema machache kwa sababu raha haihitaji maelezo mengi. Vijiji vikubwa ni Wasini yenyewe na Mkwiro, watu wa Wasini yenyewe ni Wavumba, lahaja yao Kivumba, na ukiwasikiliza utayakuta maneno bibi yako aliyokuwa akiyatumia. Tembea kwenye bustani ya matumbawe, ile njia ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya matumbawe yaliyoinuka kama miti, akina mama wa kijiji ndio wanaopokea kiingilio. Kula kaa. Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari, ndiko kwenye pomboo na samaki wa rangi, na kiingilio chake ni cha KWS, hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo lipa ukiwa na mtandao mzuri huko Likoni, usingoje ufike gatini. Maji ya kunywa nenda nayo. Kisiwa hakina mto, watu wake tangu zamani wameishi kwa maji ya mvua, na si adabu mgeni kuyamwaga ovyo kwa kuosha miguu yenye mchanga.

Kuhusu wakati. Aprili ni tangambili, kaskazi imechoka na kusi haijakamata. Siku za mwanzo wa mwezi bahari huweza kuwa shwari kabisa, na mvua za masika zikianza kweli kweli maji hutibuka na pomboo hutawaona. Kwa hivyo nenda wiki ya kwanza shule zinapofungwa, usingoje ya mwisho. Kusi ikishakamata, nahodha akikwambia leo hatutoki, usimbembeleze wala usimwongezee pesa. Mwenye familia kubwa na alale Shimoni au Wasini usiku mmoja, kwa maana Fort Jesus, Gazi na kisiwa kwa siku moja ni kuwatesa watoto.

Na jambo la mwisho ambalo ningependa lifanywe kabla ya kutoka nyumbani. Chukua daftari uende kwa mkubwa kuliko wote kwenye ukoo wenu, muamkie, muulize kama kuna aliyechukuliwa kariakoo. Andika jina lake, jina la babake, kijiji au mtaa, alichukuliwa na chifu au mkubwa gani kama linajulikana, alikuwa askari au mpagazi, na kama alirudi. Usitengeneze majibu, penye pengo acha pengo. Majina yakitajwa hapo kwenye sanamu ya Jomo Kenyatta Avenue, yasomewe Fatiha kwa waliokuwa Waislamu, na wenzetu wa Kigiriama, Kiduruma na wengine wana dua zao. Nakala peleka kwa watu wa makumbusho ya taifa pale Fort Jesus, na nyingine tuletee sisi. La mzee wa Mtongwe ninalo tayari: jina, la babake, na mtaa. Jina la chifu hakulijua.